KUFUGA VIROBOTO-MAJI, CHAKULA HAI CHA SAMAKI WA MAPAMBO

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Nilipoambiwa niandike makala ya somo kwa ajili ya jarida letu, rafiki zangu walidhani nitaandika juu ya ngeli za nomino. La hasha. Nitaandika juu ya kiumbe asiyezidi kichwa cha pini, ambaye kwa muda wa miezi minane sasa amekuwa akinilipia nauli ya matatu. Msinicheke kwanza. Someni mpaka mwisho, halafu mcheke.

Mwaka jana mwezi wa Januari, nikiwa ndio kwanza naingia kidato cha pili, kaka yangu alipata kazi Lamu akaondoka. Aliniachia urithi wa ajabu: madume wawili na majike watatu wa samaki aitwaye beta, beseni moja la plastiki, na chupa kumi na tisa za kioo zilizokuwa za jemu. Beta ni samaki wa asili ya Thailand na nchi za jirani, mwili wake kama kidole na mapezi yake marefu yanapepea kama kanga kwenye kamba. Dume hakai na dume mwenziwe, watararuana, ndiyo maana ya zile chupa nyingi. Kaka akaniambia, "Hawa wakizaa, uza. Ndiyo nauli yako hiyo." Sisi kwetu ni Kisauni na shule, kama mjuavyo, iko mbali. Siku nisipokuwa na nauli huondoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri kwa miguu, na bado hukuta kiranja yuko langoni na daftari lake la wachelewaji.

Beta kuzaa si taabu. Dume hutengeneza povu juu ya maji, jike akataga, kisha yule dume huyaokota mayai kwa mdomo na kuyapachika kwenye povu moja moja. (Ni baba wa kupigiwa mfano. Wako wengi mitaani ambao wangejifunza kwake.) Mayai huanguliwa baada ya siku moja au mbili, na baada ya siku nyingine mbili tatu vitoto huanza kuogelea. Hapo ndipo taabu inapoanza. Kitoto cha beta ni kama kipande cha uzi kilichotiwa macho. Chakula cha dukani kwake ni kama wewe kupewa embe lisilomenywa likubwa kama nyumba.

Kizazi changu cha kwanza niliwalisha kiini cha yai la kuchemsha nilichokisugua kwenye kitambaa. Nilisikia watu wakisema yafaa. Siku ya kwanza nikafurahi, siku ya tatu maji yakanuka, siku ya tisa hakubaki hata mmoja. Walikuwa zaidi ya mia. Niliwamwaga chini ya mpapai nikalia, na mama akaniuliza kama nalia kwa ajili ya samaki au kwa ajili ya nauli. Sikumjibu, manake mwenyewe sikujua.

Nilimweleza mwalimu wetu wa Biolojia. Akaniambia jambo ambalo sikuwa nimelifikiria: kitoto cha samaki hakijui kuwa kile ni chakula mpaka kitikisike. Macho yake yamewekwa ili yakimbilie kitu kinachoruka na kucheza mbele yake. Kiini cha yai kinashuka chini kimya, kinaoza, kinakula hewa ya oksijeni iliyomo majini, na mtoto anakufa kwa njaa na kwa kukosa pumzi, huku chakula kimejaa miguuni pake, kama angekuwa na miguu. Dawa yake ni chakula kilicho hai. Ndipo akanitajia viroboto-maji.

Jina hilo lisiwatishe. Kiroboto-maji si kiroboto na wala haumi mtu. Ameitwa hivyo kwa sababu anaogelea kwa kurukaruka. Kwa kweli ni ndugu wa kamba na kaa, wale wale tunaowala, ila yeye yu katika maji baridi na ni mdogo mno. Mwalimu alimweka mmoja chini ya hadubini, nami sijapata kuona kitu kama kile. Mwili wote ni kama kioo. Unauona moyo ukipiga mgongoni, upesi kuliko unavyoweza kuhesabu. Unauona utumbo ukiwa kijani kwa chakula alichokula asubuhi. Kichwani ana jicho moja kubwa jeusi linalozungukazunguka, na mikono miwili yenye matawi anayoipiga kama makasia. Na nyuma, chini ya ganda, kuna mfuko, na ndani ya mfuko watoto wamejikunja wakisubiri kutoka.

Kuonekana kwake ndani hivyo kumewasaidia wataalamu. Elie Metchnikoff, mzaliwa wa Milki ya Urusi, alichapisha mwaka 1884 uchunguzi wake juu ya viroboto-maji walioshambuliwa na aina fulani ya kuvu. Kwa hadubini aliona chembe za mwili wa mnyama zikiwazingira wale maadui na kuwameza. Mambo tunayosoma leo kuhusu chembe nyeupe za damu na kinga ya mwili yana mzizi wake hapo, na mwaka 1908 alipata Tuzo ya Nobeli. Nilipomsimulia nyanya habari hizi alisema, "Kumbe hata mdudu ana askari wake."

Wako wa aina nyingi, lakini mfugaji anahitaji kuzijua mbili. Wa kwanza ni dafnia, ambaye aina yake kubwa hufikia milimita tano. Huyo anapenda ubaridi wa digrii 18 hadi 22 hivi, kwa hiyo ndugu zetu wa Limuru na Nyahururu wataelewana naye. Wa pili ni moina, mdogo zaidi, mtu mzima haendi mbali na milimita moja, na yeye hustawi katika joto la digrii 24 hadi 31. Kwetu Mombasa huyo ndiye wetu. Tena mtoto wa moina anapozaliwa hafiki hata nusu ya milimita, na kwa hiyo anaingia katika mdomo wa kitoto cha beta bila shida.

Watu huniuliza, kwa nini usinunue Artemia? Ni kweli, Artemia naye ni wa ukoo huo huo. Mayai yake makavu huuzwa katika makopo, na mengi yanatoka katika Ziwa Kuu la Chumvi kule Utah, Marekani. Hata hapa Pwani wako: katika miaka ya 1980 waliletwa kwenye mashamba ya chumvi ya kaskazini ya Malindi, pande za Gongoni. Lakini Artemia ni wa maji ya chumvi. Ukimtia kwenye maji baridi ya beta anaishi saa chache tu, halafu anakuwa kama kile kiini cha yai. Moina akiachwa anaendelea kuogelea mpaka aliwe, hata kesho. Na hilo kopo, bei yake mimi siimudu.

Basi mbegu niliipata wapi? Mwezi wa Aprili masika ilipochachamaa, shimo moja la zamani la kuchimbia mawe karibu na kwetu lilijaa maji, na baada ya majuma mawili maji yakawa ya kijani. Nikaenda na mdogo wangu jioni. Sikuingia majini, na wewe usiingie. Maji yaliyotuama yenye konokono huweza kuwa na kichocho, na kichocho huingia kwa kupenya ngozi, huhitaji kuyanywa. Nilifunga mkebe kwenye fimbo ndefu nikachota kutoka ukingoni. Kwenye mkebe ukauona wazi umati wa nukta zikiruka, rangi yake ya udongo mwekundu. Nukta zinazorukaruka bila kwenda mbali ni moina. Zinazochomoka kwa kasi kama zimerushwa na manati ni saiklopsi. Zinazojipinda kama herufi S ni viluwiluwi vya mbu. Nyumbani nilimwaga kwenye sahani nyeupe nikawatenga kwa bomba la dawa ya kikohozi, lile la watoto. Ilinichukua jioni nzima, na kazi ya nyumbani ya Hisabati sikuifanya, na adhabu yake niliipata.

Sasa maji. Hapa nilikosea vibaya. Kisima cha uani kwetu kina maji bure, nami nikajaza ndoo kutoka kisimani nikawatia. Asubuhi wote walikuwa wamelala chini kama vumbi. Mjuavyo, visima vyetu vingi vilivyo karibu na bahari vina chumvichumvi, hata sabuni haitoi povu. Bahati nzuri nilikuwa nimebakisha wachache kwenye ule mkebe. Nikahamia maji ya mfereji, yale yanayotoka mbali huko Mzima na Baricho, lakini hayo nayo yana dawa ya klorini ya kuua vijidudu, na klorini haichagui. Dawa yake ni kuyaacha kwenye ndoo pana juani kwa siku mbili, klorini itapaa yenyewe. Siku mfereji unapokuwa mkavu hununua mtungi wa lita 20 kwa mkokoteni, na hapo mama hunitazama kwa jicho ambalo sitalieleza humu.

Chombo kiwe cha plastiki au kioo, kisiwe kimeguswa na sabuni. Usitumie karai la bati wala chombo cha shaba, kwa kuwa madini ya zinki na shaba huwaua hawa viumbe hata yakiwa kidogo. Tena chombo kipana ni bora kuliko kirefu, maana hewa huingilia juu.

Kuhusu kuzaana, hapa ndipo panapostaajabisha. Wakati mambo ni mazuri hakuna madume kabisa. Jike huzaa majike peke yake, bila mume, na hao majike nao huanza kuzaa baada ya siku nne au tano, na kila mmoja huzaa tena baada ya siku mbili hivi. Kila uzao ni watoto wanne, kumi, hata ishirini. Fanyeni hesabu ndogo tu: mmoja akizaa wanane, na kila mmoja wa wale akizaa wanane, baada ya vizazi vitatu una 512, nao bado hata nusu mwezi haijaisha. Nilifanya hesabu hiyo pembeni mwa daftari nikajiona tajiri.

Utajiri ukanilevya. Viroboto-maji hula vitu vidogo visivyoonekana kwa macho, mwani wa kijani, bakteria na hamira, ambavyo huvichuja majini kwa miguu yao. Hamira ya mandazi tunayo nyumbani. Wakati huo beta walikuwa wametaga mara ya pili, nami nikaona niwazidishie viroboto chakula ili wajae upesi. Nikatia kijiko kizima cha hamira katika ndoo ya lita 20. Maji yakawa meupe kama tui. Kulipokucha ndoo ilinuka kama pombe, na hapakuwa na hata nukta moja iliyoruka. Hamira nayo ni kiumbe hai, inavuta oksijeni ile ile. Vitoto vya beta vikakaa siku tano vikitazama maji matupu. Kizazi cha pili nacho kikaenda chini ya mpapai. Muhula ule wote nilitembea kwa miguu. Methali ya haba na haba nimeiandika kwenye insha tangu darasa la nne, lakini ni hamira iliyonifafanulia.

Siku hizi nafanya hivi. Hamira iliyookotwa kwa ncha ya kisu naikoroga kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu, nasubiri itue, halafu namimina yale ya juu kidogo kidogo mpaka ndoo ionyeshe ukungu mwembamba tu. Chini ya kila ndoo nimeweka kifuniko cheupe cha chupa. Kila asubuhi kabla ya kuvaa sare natazama. Nikikiona kifuniko waziwazi, wana njaa, nawapa. Nikikiona kwa shida, nawaacha. Nisipokiona kabisa, nusu ya maji namwaga na kutia mapya yaliyokaa siku mbili. Chakula kilicho bora kuliko hamira ni maji ya kijani: chukua maji machafu ya samaki unapobadilisha, yatie kwenye chupa kubwa, tumbukiza kifuko cha kitambaa chenye samadi ya mbuzi kiasi cha ngumi ya mtoto, weka juani. Baada ya juma moja au mbili ni kijani kama sukuma wiki iliyosagwa. Hayo hata ukizidisha hayaui upesi, kwa sababu mwani mchana hutoa oksijeni.

Rangi yao nayo inasema. Wakiwa wekundu ujue hewa imepungua. Hutengeneza himoglobini, ile ile iliyo katika damu yetu, ili waweze kunasa oksijeni kidogo iliyobaki. Na ukiona baadhi yao wana doa jeusi mgongoni, basi msongamano au njaa imezidi. Wakati huo ndipo madume hutokea, na majike hutengeneza mayai ya namna nyingine, magumu, yaliyofungwa ndani ya ganda ambalo wataalamu waliliita kwa neno la Kigiriki lenye maana ya tandiko la farasi. Mayai hayo hustahimili ukame. Shimo likikauka yanakaa kwenye tope mpaka mvua nyingine. Mimi hukusanya matope ya chini ya ndoo yenye hayo matandiko, nayakausha kivulini na kuyatia kwenye bahasha. Likizo ya Agosti niliijaribu bahasha moja, nikaitia maji, na siku ya nne nikaona nukta tatu zikiruka. Tatu zatosha.

Lazima niseme pia habari ya mbu, kwa sababu karibu zinivunjie ufugaji wote. Mombasa ilipata mlipuko wa homa ya dengue mwaka 2013 na 2014, na tangu hapo ugonjwa huo umekuwa ukirudi. Mbu wake hutaga kwenye maji safi yaliyohifadhiwa majumbani, ndoo, mapipa, hata vifuu. Wahudumu wa afya walipopita mtaani kwetu waliagiza maji yote yaliyo wazi yamwagwe au yafunikwe. Mama aliporudi kutoka sokoni alinikuta.

"Umesikia walivyosema?"

"Nimesikia mama, lakini hawa si mbu."

"Mimi na wewe tunajua si mbu. Mbu mwenyewe je, anajua kuwa hapo si pake?"

Nikakosa jibu. Kabla sijarudi shuleni kesho yake alikuwa amepuliza dawa ya wadudu ua mzima, na ndoo mbili kati ya tatu zikafa. Simlaumu. Nyanya aliugua homa hiyo, akalala juma zima mifupa ikimuuma, na ni yeye aliyenifundisha jina lake la kwetu, kidingapopo. (Wako wataalamu wa lugha wanaodhani kuwa hata neno dengue lilianzia kwenye hilo neno letu. Chama cha Kiswahili mwaandike hapo.) Ndoo ya tatu ilisalimika kwa sababu ilikuwa chumbani chini ya kitanda. Tangu siku hiyo kila ndoo yangu imefunikwa kwa kipande cha chandarua kilichochakaa, kimefungwa kwa mpira kuizunguka, na hukuti pengo la kupitisha hata uzi. Hewa inapita, jua linapita, mbu hapiti. Chandarua pia kinamzuia kereng'ende, ambaye buu wake hula viroboto-maji kama karanga. Na jambo la dawa limenifunza kuwa viroboto-maji hufa kwa sumu kidogo sana. Ndiyo maana katika maabara za nchi nyingi hutumiwa kupima kama maji yana sumu.

Kizazi cha tatu kilianguliwa mwezi wa Julai. Siku za mwanzo kabisa niliwapa matone ya maji ya kijani, kwa ajili ya vijidudu vya seli moja vilivyomo. Siku ya nne nikachota moina, nikawachuja kwenye kitambaa cha buibui la zamani la mama ili wakubwa wabaki juu na wadogo wapite, nikawasuuza kwa maji safi, nikawamimina. Vile vitoto vilikuwa vimetulia. Kisha kimoja kikakunja mwili kama upinde, kikatulia kidogo, kikajirusha. Halafu kingine. Matumbo yao yaligeuka ya rangi ya waridi mbele ya macho yangu, na mimi nilikuwa nimepiga magoti sakafuni tangu magharibi mpaka mama akaniita kula.

Mavuno yasizidi robo ya walio kwenye ndoo kwa siku. Ukiwaachia wote wanasongamana wanakufa, ukiwamaliza unabaki bila mbegu. Na usiwe na ndoo moja. Uwe na tatu, na moja ikae mbali na nyingine, chini ya kitanda ikibidi, kwa sababu ndoo ya kiroboto-maji siku moja itaanguka tu, hata ukiwa fundi. Vilevile chunguza kabla ya kuwalisha samaki: haidra akiingia kwenye beseni la vitoto anawanasa kwa mikono yake na kuwala.

Wale wa Julai nilipowahesabu mwezi wa Septemba walikuwa 61. Madume ishirini na saba wakahamia chupani, mdogo wangu akaranda mtaa mzima akiomba chupa za jemu. Kuanzia Novemba nimekuwa nikiwauza shilingi 200 kila mmoja kwa jirani, kwa watu wa mjini, na mmoja, samahani Mwalimu kwa kukutaja, yuko juu ya meza ya ofisi ya Biolojia. Mama naye alikuja kuomba majike wanne awatie kwenye pipa letu la maji ya kufulia, ati wale viluwiluwi vya mbu. Wanavila kweli.

Anayetaka mbegu anione siku ya Jumatano baada ya masomo, kwenye maabara ya Biolojia. Aje na chupa yake yenye mfuniko, iliyosuuzwa kwa maji matupu, bila sabuni, na maji ya mfereji yaliyokaa siku mbili. Akija na ya kisima nitamrudisha.